Hali ikitulia, hali ikitulia... na miaka inaenda. Watu wa Goma tuongee juu ya raha ndogo ndogo

mwana_majengo:

Bandugu, habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka auweke asome kesho, ila mimi haya maneno yamenikaa kifuani tangu kilio tulichotoka wiki hii na sioni pa kuyapeleka isipokuwa hapa.

Hapa Goma, mashariki ya Kongo, kuna maneno watu wote wanayasema, tajiri na maskini, mwenye kwenda misa na mwenye kulala siku ya Mungu. Hali ikitulia. Hali ikitulia nitaoa, hali ikitulia tutapaka nyumba rangi, hali ikitulia nitapeleka mama akaone makaburi ya kwao Rutshuru, hali ikitulia nitarudi kuimba kwaya. Nimeyasikia kwa baba, nikayasikia kwa walimu, sasa nayasikia kwa vijana ambao hata ndevu hazijatoka vizuri.

Tuhesabu basi. 1994 wakimbizi waliingia kutoka Rwanda kwa malaki, kolera ikaua watu maelfu hapa hapa. 1996 vita. 1998 vita tena. 17 Januari 2002 Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ikapasuka, lava ikashuka ikapita katikati ya mji, ikafunika kipande cha kiwanja cha ndege, ikaenda mpaka ikaingia ziwa Kivu. Novemba 2012 waasi wa M23 wakaingia, wakakaa siku kama kumi. 22 Mei 2021 mlima tena, na siku chache baadaye tukaambiwa tuhame, watu karibu 400,000 barabarani, wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine wamevuka mpaka, Gisenyi ya Rwanda, wengine kwenye boti za Bukavu. Mwisho wa Januari 2025 vita ikaingia mjini kabisa, M23 wakashika mji, kiwanja cha ndege kikafungwa, mabenki yakafunga milango, mtu mwenye pesa zake akawa anavuka mpaka kuzitafuta.

Mtoto aliyezaliwa 1994 leo amepita miaka 30 na ana watoto wake. Maisha yake yote ni ndani ya hiyo hali ikitulia. Na kwa nchi yetu mtu anatarajiwa kuishi karibu miaka 60, fanyeni hesabu wenyewe amebakiza nini.

Sasa nisikilizwe vizuri, maana najua kuna watu watanirukia. Sisemi amani si kitu. Amani naitaka kuliko kitu chochote, usiku nikisikia hata tairi ya kamyo imepasuka mtoto wangu anashuka chini ya kitanda, usinifundishe umuhimu wa amani. Ninachosema ni hiki: angalieni mji huu. 2002 nilikuwa mtoto, tulitembea mpaka Gisenyi na magodoro kichwani, siku chache tu tukaanza kurudi na mawe yalikuwa bado ya moto, yanatoa moshi, ukikanyaga na sandali unasikia joto linapanda. Na tayari kuna maman ametandika gunia juu ya lava anauza nyanya. Miezi haikupita mingi watu wanapasua yale mawe meusi wanajengea ukuta, nyumba za mbao zinasimama mstari mstari juu ya lava. Nani alingoja hali itulie? Hakuna. Kwa biashara hatungoji. Kwa kujenga hatungoji. Kwa kuzaa hatungoji. Ni kwa raha tu njo tunangoja, raha peke yake njo tunaiambia wewe kaa kwanza pembeni tutakuita.

Niwaambie juu ya huyu mzee tuliyemzika. Alikuwa fundi cherehani kwenye kartie yetu, kwenye baraza ya duka, mashine ile ya miguu. Kila siku saa kumi na moja juste anaacha, hata kama suruali imebakiza mkunjo mmoja anaacha, anapangusa mashine, anatia matone mawili ya mafuta pale kwenye sindano, anazungusha gurudumu na mkono polepole mpaka mafuta yaenee, anaifunika na kitambaa chenye maua, halafu anatoa ubao wa kisoro, ule mchezo wa bao. Tumecheza naye kisoro watoto wote wa avenue ile. Alikuwa anatuacha tunamla halafu mwishoni anakusanya zote.

Huyu mzee alikuwa na dada yake mkubwa Idjwi. Idjwi bandugu, si Kinshasa, kisiwa kiko katikati ya ziwa hili hili letu, boti zinakwenda na kurudi. Na miaka yote ile mimi namjua alikuwa anasema hali ikitulia nitaenda kumwona dada, nikae naye hata wiki moja, tule mananasi ya kule, anipikie ile ndizi na maharagwe ya mama yetu. Alishaweka hata kitambaa cha kumshonea. Kitambaa tumekikuta, kimekunjwa, na vipimo vya dada vya zamani vimeandikwa na chaki kwenye karatasi juu yake.

Hakuuawa na risasi. Hakuuawa na mlima. Presha. Usiku mmoja tu, asubuhi mke wake anaita hajibu. Sisi wote tulikuwa tunaangalia juu kama mlima unawaka, tunaangalia barabara kama wanajeshi wanapita, kifo kikaingia kwa mlango wa jikoni.

Kesho yake dada akafika kwenye kilio. Amekuja na kikapu cha mananasi. Mama mzee kabisa, mgongo umepinda, wakamkalisha kwenye mkeka, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, Asubuhi nilikuwa kwangu. Basi, hakuongeza. Kila mtu pale alielewa. Safari ambayo mdogo wake aliisubiria miaka yote ilikuwa ni ya asubuhi moja.

Tangu siku ile nimekata shauri na mke wangu na ndiyo nimekuja kuiongea hapa. Hatungoji tena kwa vitu vidogo. Vikubwa sina uwezo navyo, sina uwezo wa kufungua barabara ya Masisi wala kiwanja cha ndege. Lakini saa ya jioni ni yangu. Tunatoa viti nje pale kwenye ukuta wa mawe, mtoto na mahindi yake ya kuchoma, simu tunaacha ndani, tunasalimia kila mwenye anapita na salamu kamili, siyo ile ya kupunga mkono, habari ya mgonjwa, habari ya shule, mpaka giza. Siku mawingu yakifunguka usiku na mlima unawaka, unaona juu kule kumekuwa kwekundu, mke wangu ananiita twende tukauangalie. Zamani nilikuwa nauangalia kama adui. Sasa najua ni hatari, nasikiliza watu wa volkano wakisema kitu, lakini pia ni mzuri bandugu, ni mzuri sana, na watu wanatoka Ulaya walikuwa wanalipa dola nyingi kupanda kule kuona kile mimi nakiona nikiwa na sandali mlangoni.

Na Jumamosi fromaji ya Masisi, jibini ile, ikifika mjini nanunua kipande, hata kidogo. Unaiweka juu ya kiazi kitamu cha moto, dakika mbili inalegea, chai ya maziwa pembeni. Barabara ikifungwa haifiki, na ikifika baada ya kufungwa bei imepanda. Basi ikifika tunaila siku ile ile, hatuiwekei mgeni.

Jambo moja la mwisho halafu nanyamaza. Kuna wale wanasema maisha ni mafupi basi tunywe mpaka asubuhi, mshahara wote mezani. Hiyo siyo ninayosema na inanikera ikichanganywa. Mtu mwenye anakunywa kusahau hayuko pale, bia inapita hata utamu hausikii. Mimi nataka vile vitu vinavyomfanya mtu awepo.

Nataka nisikie za kwenu. Kitu kidogo mnachofanya sasa, hapa, na hali haijatulia.

katoyi_23:

Yaya umeandika vizuri na pole kwa mzee. Lakini mimi niulize, hizi raha zote zinataka pesa. Fromaji pesa, mahindi pesa, maziwa pesa. Mimi nimemaliza shule, diploma iko kwa sanduku, nabeba simenti kwa chantie ya ujenzi siku nikipata, siku sikupata nalala na chai kavu. Kuniambia nifurahie maisha ni kama kuniambia nipande ndege na kiwanja kimefungwa.

mwana_majengo:

@katoyi_23 ndogo yangu, nimekusikia na sitakujibu kwa haraka. Ni kweli, njaa ni njaa, na mtu mwenye njaa hahitaji mawaidha, anahitaji kula. Nikuulize tu, kwenye chantie mnaimba? Maana pale karibu na kwangu wanajenga, na wale vijana wa kupitisha ndoo za beto wana nyimbo zao, mmoja anatupa neno, wengine wanajibu, ndoo inapanda kwa mapigo yale. Nimesimama mara nyingi kuwasikiliza. Hiyo hailishi mtu, najua. Lakini tajiri mwenye nyumba hana ile. Na ukipita Majengo siku yoyote uliza fundi wa kisoro, ubao wa mzee mke wake ametuachia, uko palepale kwenye baraza. Kahawa iko.

katoyi_23:

Tunaimba ndiyo. Kuna moja ya kinande ambayo hata mimi siyo mnande nimeikamata. Nitapita.

motari_birere:

Miye niko motari, nabebaka batu na pikipiki. Kila asubui mbele ya kuanza kazi, kabla sijabeba mutu hata moya, napandaka kule karibu na kilima ya Mont Goma, nazima pikipiki, naangaliaka ziwa. Iko saa ile maji inakuwa kama ya fedha na mapirogi, mitumbwi ya kuvua samaki sambaza, inarudi, ile mapirogi tatu tatu yenye banafunga na miti mirefu, na bavuvi banaimba, unasikiaka sauti mbele uone pirogi. Dakika kumi tu. Esanse haitumiki mingi. Bengine motari banasema nakosa bakliya, bateja ba asubui. Niko nabakosa kabisa. Lakini siku sikupanda kule nagombanaka na kila mutu, na polisi ya roulage, na bamama ba makayabu, ile samaki ya chumvi, na bibi yangu wa nyumbani. Njo vile.

maman_wa_sake:

Nimesoma yote. Nataka kusema na msikasirike.

Mimi ni wa Sake. Februari 2024 mabomu yalipoanza kuanguka kwetu tulitoka na watoto na sufuria moja, tukaja kukaa Bulengo kambini. Mnajua Bulengo, mawe. Blindé, kile kibanda cha turubai, yenyewe ni kama shuka, mvua ikinyesha maji yanapita chini ya mgongo. Na kule kuna sehemu zenye mazuku, ile gesi inatoka chini ya ardhi, haina rangi, inakaa mabondeni, ukipeleka mbuzi malishoni asubuhi mapema mahali pabaya anaanguka hainuki. Watoto tulikuwa tunawakataza kushuka chini kucheza. Februari 2025 kambi zikavunjwa, tukarudi Sake, nyumba hakuna mabati, hakuna mlango.

Ninachotaka kusema. Watu wa mjini walikuwa wanakuja kambini kupiga picha wanasema ona wanavyocheka, ona wanawake wa Kongo walivyo na nguvu, hata kwenye taabu wana furaha. Iliniumiza. Tulicheka ndiyo. Nilikuwa na jirani wa blindé, mama wa Masisi, mkono wake unajua kusuka kuliko mtu yeyote niliyewahi kuona, na alikuwa anatusuka bure, tunakaa mstari, mmoja kwenye magoti ya mwingine, na anasimulia habari za ng'ombe wa baba yake, kila ng'ombe na jina lake na tabia yake, kulikuwa na mmoja mwizi wa chumvi, tukicheka mpaka machozi. Zile saa zilikuwa nzuri. Lakini mtu asizichukue akaniambia kumbe hukuwa na shida. Mtu asiniambie kwa sababu nilicheka basi nivumilie tena. Raha ndogo ni yetu, isigeuzwe kuwa dawa ya kutunyamazisha.

Ndiyo hayo.

mwana_majengo:

@maman_wa_sake aksanti sana maman. Ungeandika peke yako huu uzi ungetosha. Nakubali kila neno. Mtu akichukua kicheko chako akakifanya ushahidi kwamba hali si mbaya, huyo amekuibia mara ya pili.

Ila naomba niulize kwa heshima, yule mama wa Masisi mko mnaonana bado?

maman_wa_sake:

Hapana. Kambi ilipovunjwa kila mtu alishika njia yake. Ana simu lakini haipatikani. Nywele nimezifumua lakini ule msuko nimeujifunza, nasuka binti zangu hivyo hivyo, mistari inayozunguka sikio. Na ng'ombe wote nawajua kwa majina, watoto wananiomba kila usiku yule wa chumvi.

mtumishi_ndosho:

Wapendwa, nimeona mazungumzo mazuri ila nakumbusha, raha za dunia zinapita. Mzee yule kama alikuwa amejiandaa, hakupoteza kitu kwa kutofika Idjwi, maana kuna safari moja tu ya maana. Tusiwafundishe vijana kukaa nje kuangalia mlima wakati ni saa ya maombi.

mwana_majengo:

@mtumishi_ndosho nakuheshimu mtumishi, na mzee yule alikuwa shemasi, alikuwa amejiandaa, hilo sina shaka nalo. Lakini mimi nilimwona dada yake pale kwenye mkeka. Kule Kana watu walikuwa wanakula harusi, divai ikaisha, na Bwana hakuwaambia nendeni nyumbani mkaombe. Kumtembelea dada ni kitu kitakatifu pia. Saa ya maombi tunaiheshimu, viti tunavitoa mapema.

mtumishi_ndosho:

Kwa hilo la dada nimekuelewa. Mimi mwenyewe nina kaka Minova, kule kando ya ziwa, sijamwona muda.

mwana_majengo:

Mpigie leo mtumishi. Ziwa si la kuchezea, sote tunakumbuka ile boti ya Minova iliyozama Oktoba 2024 ikiwa karibu kabisa kufika bandari ya Kituku, watu wanaangalia kutoka kando. Ukienda chagua boti isiyojazwa na uvae jile ya kuelea. Ila simu haizami.

nguba_bkv:

Salamu kutoka Bukavu. Kwetu ilikuwa tetemeko la 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi. Nyumba yetu Nguba ilikuwa na saluni ya wageni, tuliyokatazwa kuingia, viti vya velvet, kabati ya kioo, kapeti. Sisi watoto tulikuwa tunakula jikoni kwenye vibao, saluni inafagiliwa kila siku na haikaliwi. Baba alikuwa anasema siku moja tutapokea watu wakubwa. Tetemeko likapita, hatukuumia, lakini ukuta wa saluni ukapasuka kutoka juu mpaka chini, unaona mwanga nje. Baba akasimama pale muda mrefu, halafu akaleta sahani ya sombe, majani ya muhogo, kutoka jikoni, akakaa kwenye kiti cha velvet, akala. Akatuita wote. Tangu siku ile tunakula saluni. Kile kiti kina madoa ya mafuta ya mawese mpaka leo na hakuna aliyeyaondoa. Ufa tulijaza na simenti ila ukiangalia unauona.

Sisi wa Bukavu na milima yetu, mvua ikinyesha usiku mtu halali, anasikiliza kama udongo unashuka. Lakini asubuhi yake hewa ni safi, unaona mpaka ng'ambo ya ziwa kila nyumba. Mama yangu akiamka asubuhi ya namna hiyo anafungua madirisha yote na anatuamsha kwa nguvu, hata kama ni siku ya kupumzika, njooni muone, itaisha. Tulikuwa tunamchukia kwa hilo. Sasa niko na wangu nawaamsha hivyo hivyo.

binti_kituku:

Nyie mmeongea fromaji na kiazi mpaka nimeshangaa, watu wa ziwa na hakuna mtu ametaja sambaza isipokuwa motari. Mama yangu anauza Kituku tangu sijazaliwa, niache niwaeleze.

Kwanza hawa samaki siyo wa hapa. Waliletwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, wakawekwa ziwani wakazaa. Ziwa lenyewe chini kule, karibu mita 480, limejaa gesi, hakuna samaki anayeweza kuishi, wako juu juu kwenye maji yenye hewa. Kwa hiyo kila sambaza unayokula imeishi kwenye tabaka lile jembamba juu ya gesi yote ile. Nikiwaza hilo nawapenda zaidi.

Wanavuliwa usiku na taa, wanafuata mwanga, wavu unanyanyuliwa chini yao. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, samaki wanatawanyika, wavuvi wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Kwa hiyo usije Kituku wakati wa mwezi mpevu unaniuliza mbona bei.

Sasa kupika. Uje asubuhi mapema, uzitake zile zinazong'aa, tumbo gumu, jicho jeusi safi. Usinunue saa sita, jua limeshazilegeza. Usizitoe vichwa, anayetoa vichwa hajui. Unaosha mara mbili, unachuja mpaka zikauke, hapa njo watu wanaharibu, zikiwa na maji zinapasuka mafuta na zinashikana. Chumvi kidogo. Mafuta yawe ya moto kweli, unatupa moja, ikipanda haraka na kupiga kelele, unatia kidogo kidogo, siyo ndoo nzima. Usizikoroge mpaka zikamate. Zikibadilika kuwa za dhahabu na ukizigusa na kijiko zinalia kama majani makavu, toa. Pilipili ya kusaga na ndimu pembeni, ndizi ya kukaanga au bugali ya moto. Zinaliwa pale pale umesimama, vidole vinaungua kidogo. Ukiziweka zingoje mume arudi zimelegea, pika za kwake akifika.

Mama yangu ana miaka mingi sokoni na magoti yamekwisha, lakini kila asubuhi kabla hajauza hata ya mteja mmoja anakaanga kikombe kimoja chetu, mimi na yeye, tunakula tumesimama nyuma ya meza. Siku moja nilimwambia mama tuuze na hii, hali ngumu. Alinikatalia kabisa. Akasema, Hii siyo ya soko.

katoyi_23:

Saa hizi umenitesa. Mbona saa nne usiku unaongelea mafuta yanayolia.

nguba_bkv:

Vichwa hata sisi hatutoi. Bukavu na Goma kwa hilo tuko pamoja.

maman_wa_sake:

Mama yako mnisalimie. Nikija mjini nitamtafuta. Na mimi nina swali, unga hamtii? Kwetu tunazungusha kidogo kwenye unga wa mahindi.

binti_kituku:

@maman_wa_sake unaweza maman, unga wa mahindi kidogo unasaidia kama zimebaki na maji, ila mama yangu atanuna. Njooni tu.

mwana_majengo:

Binti, mke wangu amesoma maelezo yako na ameshatoa karai kubwa ametuweka wote kwenye foleni. Tuambie lini tuje, maana naona juzi mwezi ulikuwa mkubwa juu ya ziwa.

binti_kituku:

Juzi ulikuwa mpevu ndiyo, wavuvi wengi hawajatoka. Acheni wiki ipite, unachomoza kwa kuchelewa kila usiku, wanapata saa za giza mbele yake. Kuanzia Jumamosi ya wiki hiyo nyingine zitakuwa nyingi. Mfike saa kumi na mbili, kabla wale wanaonunua ndoo kwa ajili ya Birere hawajazimaliza. Uje na ndoo yako yenye kifuniko, kunguru wa pale hawana heshima. Ukifika uliza meza ya kwanza ukishuka ngazi, maman mwenye kitambaa cha kijani. Mwambie wewe ni yule wa fromaji.

motari_birere:

Miye naleta batu babili bule siku ile. Maman wa Sake ukifika kwa Rond-point Chukudu unibipe hapa, nitakuwa na gilé ya yelo.

maman_wa_sake:

Nitakuja na binti zangu wawili. Ni wadogo, tutatosha.